Ngozi Iliyokawia Kukauka

Simiyu mwanangu mpendwa,

Nakuandikia na penseli yako, ile nene ya kuchorea vyuma. Nimeichonga kwa kisu cha jikoni. Mwandiko wangu unaujua, ulikuwa ukisema herufi zangu zinatembea kama kuku waliofungwa miguu. Kusoma na kuandika nilifundishwa na mwalimu wa ubatizo, naye alifundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo hicho ndicho nilicho nacho cha karatasi. Lugha yetu nimeiweka ya kukuitia makaburini.

Gari yako bado iko hapa nyuma ya nyumba, ya mwisho katika kambi ya wafanyakazi wa kahawa. Mbele imekaa juu ya mawe kama ulivyoiacha. Jua linawaka tangu juma lile tulilokuzika, na ile ngozi ya kwenye springi ilikauka. Niliigonga na nyundo, ikalia kama chuma. Nimeona nikwambie mimi, kwa sababu ni wewe na mimi tu tuliokuwa tukiingojea.

Unakumbuka siku ulipoileta kutoka Thika? Yule Mhindi wa duka la nafaka uliyekuwa dereva wake alikuwa ameichoka, akakwambia uiondoe uani kwake. Pikapu ya kabla ya vita, rangi yake hata sikuweza kuitaja. Nikakuuliza mbona imeinamia upande mmoja kama mzee mwenye nyonga mbovu. Ukasema, “Mayi, hiyo ni springi tu.” Kwako kila kitu kilikuwa “tu”. Springi tu. Steringi tu. Kikohozi tu.

Kikohozi hakikuwa tu, mwanangu. Mimi mama yako nilikijua tangu usiku wa kwanza, kwa vile ulivyokuwa ukikimezea ndani ya blanketi ili nisisikie. Hospitali walikupiga picha ya kifua wakakudunga sindano, wakakudunga tena, ukarudi nyumbani shingo imekuwa nyembamba, kola ya shati imekuzunguka kama kamba kwenye mti. Halafu akaja yule kijana wa kwetu kutafuta kazi ya mkonge, akaleta neno kutoka kwa kukhu wako, nyanya yako kule nyumbani. Bibi mzee kama yule, hata macho hayaoni vizuri, anasema: mwambieni Simiyu aje nimshike kichwa kabla sijaenda.

Siku hiyo ndipo uliponiambia, “Mayi, nataka nifike nikiwa naona. Sitaki nifikishwe.”

Nikakwambia treni ipo. Ukasema ndani ya behewa kila ukikohoa watu watakuhama, mpaka ufike Eldoret umekaa peke yako kama mchawi. Ukasema utakwenda na gari yako mwenyewe, uiegeshe mbele ya nyumba ya kukhu, upige honi, kuku wakimbie. Nilikupinga nikachoka. Nani angekuendeshea? Baba Kamau, jirani aliyejua gari, askari walikuwa wameshamchukua, na mkewe hajui mpaka leo wamempeleka wapi. Ulibaki wewe. Na gari ile ilitaka mikono ya mtu mwenye afya. Kwenye mashimo ya barabara ya Ruiru usukani ulikuwa ukitetemeka mpaka meno yagongane, na kukata kona ilikuwa kama kumgeuza fahali kwa pembe. Mikono yako ilikuwa mifupa.

“Tukiilainisha kingpini na kukaza tairodi,” ukasema, “hata wewe Mayi utaigeuza kwa kidole.”

“Tuki? Wewe na nani?”

Ukanipa spana. Nikaenda kutafuta gunia la kulalia.

Nikifunga macho ni siku hizo ninazoziona, si zile za mwisho. Wewe umekaa juu ya debe, blanketi mabegani, mimi niko chini ya gari, kitambaa cha kichwa kimejaa masizi. Jeki hatukuwa nayo. Tuliinua mbele kwa gogo la mkaratusi, tukasukuma mawe kwa mguu. Namba za spana sikuzijua, nikazipa majina. Ile kubwa niliiita Chifu, kwa sababu ina mdomo mpana na mahali pa kazi haiingii.

“Geuza kushoto, Mayi.”

“Kushoto kwangu au kwako?”

“Kushoto kwa gari.”

“Gari nayo ina mkono wa kulia chakula?”

Ukacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikatoka chini mbio nimegonga kichwa. Baada ya hapo nikawa naogopa kukuchekesha. Ukaniuliza mbona nimenuna, nikakwambia sababu, ukasema, “Niache nicheke. Hicho si kikohozi kibaya.” Mimi nilikuwa nakihesabu kibaya, lakini nikakuchekesha.

Kingpini zilikuwa zimekamatwa na kutu. Vijichuma vifupi vile, nani angejua gurudumu zima linageukia juu yake. Tulizinywesha mafuta ya taa, tukazigonga, tukazinywesha tena. Zilipotoka tukaona zimeliwa upande mmoja kama kipande cha sabuni. Ukakata bati la mkebe wa kakao kwa mkasi wangu wa nguo, ukanionyesha namna ya kuizungushia kila kingpini ili iingie kwa kubana. Mkasi ule haujakata kitambaa tena. Na tairodi, kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili, kilikuwa kinachezacheza kwenye ncha zake, tukakitia vipande vya ngozi ya mshipi wako. Mshipi wenyewe ulikuwa hauna kazi. Kiuno kilikuwa kimekwisha.

Grisi ndiyo tuliyokosa. Mama Kamau akatuletea mafuta ya kondoo ndani ya kibuyu. Akasimama, akatazama.

“Kwetu haya ni ya kupaka mtoto aliyezaliwa,” akasema. “Sasa nyinyi watu wa magharibi mnapaka gari.”

“Na hii imezaliwa leo, Nyina wa Kamau,” ukamjibu. “Njoo uipe jina.”

“Ngai. Hii niipe jina la nani? Haina hata meno.”

Kisha ukanifundisha kupima magurudumu kwa uzi wa mkonge, mbele kisha nyuma, nifunge fundo. Ukasema mbele yawe yamekaribiana kidogo, upana wa kidole, kama ng'ombe wawili wanaotaka kunong'onezana. Yakitazamana sana, yanakula tairi. Yakipeana mgongo, gari inakwenda inakotaka. Nilipima kwa kidole changu, ukasema kidole changu kinene, tukapima kwa chako. Uzi huo ninao, na mafundo yake.

Ikabaki springi, yale machuma bapa yaliyolaliana. Lile chuma la juu, refu kuliko mengine, lilikuwa na ufa, na chuma kingine cha kuweka mahali pake hatukupata. Waya haukuushika ule ufa. Kamba ya mkonge ililegea mara moja. Mimi ndimi niliyesema ngozi. Baba yako alikuwa akifunga mpini wa jembe uliopasuka kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Unaivuta ikiwa imelowa, unaizungusha, unaiacha juani inajibana yenyewe, hata shoka lisiifungue.

“Mayi, hii ni gari, si ngoma.”

“Umewahi kuona ngoma imeachia?”

Ukafikiri. Ukaniambia niende kwa mchinjaji wa Ruiru. Tukaifunga, ikapigwa na jua, na siku ulipoigusa ulinitazama kama mtoto aliyepewa nyama ya mkubwa. Halafu ukaanza kuogopa mvua za njiani, kwamba ikilowa italegea. Ukasema tuipake mafuta ya kondoo, maji yateleze. Nikaona ni akili kubwa. Ngozi yangu, mafuta yako. Tuliipaka mpaka ikang'aa.

Tulipanga kuondoka Jumatatu. Jumapili tukaenda kanisani kuaga, wewe ukiegemea bega langu. Tuliporudi tukaona mikia inacheza chini ya gari. Mbwa wa kambi nzima walikuwa pale, na yule mwekundu wa mnyapara, mtulivu, amelala ubavu anatafuna kama aliyealikwa. Springi ilikuwa imebaki uchi, imerambwa, inameta.

Mimi nilikaa chini nikalia. Wewe ulishika mlango wa gari, ukacheka mpaka ukaketi chini nawe.

“Hawana kosa, Mayi,” ukasema. “Tumewapikia wenyewe.”

Ningejua kama kicheko kile ndicho cha mwisho kikubwa, ningecheka nawe. Nilikasirika.

Nikarudi kwa mchinjaji, nikaleta ngozi nyingine, nikaifunga peke yangu, wewe ukielekeza kwa kichwa. Lakini jua lilikuwa limekwisha kutuacha. Unaijua Julai ya huku. Ukungu unashuka juu ya mibuni asubuhi, unakaa, unapikiwa chakula cha mchana, unalala. Kila kukicha nilikuwa naingiza mkono chini ya gari naigusa ngozi. Laini. Baridi. Ikaanza kunuka, nzi wakaijua. Nilichukua jiko la makaa nikaliweka karibu, ukanikataza ukiwa kitandani, kwa kusikia tu mlio wa makaa. “Ngozi ya kuokwa hukatika njiani,” ukasema. Mbwa nikawa nawafukuza kwa fimbo tangu alfajiri. Watu wa kambi wakasema mama Simiyu amekuwa mlinzi wa nyama iliyooza.

Na wewe kila asubuhi, kabla ya chai: “Imekauka?”

“Bado kidogo.”

Neno hilo nimelichukia, Simiyu. Bado kidogo. Lilikuwa linasemwa juu ya ngozi, na mimi nilikuwa nakutazama wewe.

Nikakubembeleza tena juu ya treni. Safari hii hukukataa. Lakini ulikuwa huwezi tena kukaa.

Ile alasiri ulipoomba kupelekwa garini, mimi na Mama Kamau tulikubeba, na aibu ni kwamba hatukuchoka. Tukakuweka nyuma ya usukani, nikakuzungushia blanketi, nikaingia upande wa pili. Ukaweka kidole kimoja juu ya usukani ukauzungusha. Magurudumu yakageuka kule mbele juu ya mawe, bila sauti, kama kichwa cha mtu aliyeitwa jina.

“Umeona, Mayi? Kidole.”

Nikasema nimeona.

Ukafunga macho ukaanza kuendesha. Ukasema hapa ni Nairobi, watu wengi, tupite polepole. Ukasema huu ni mteremko wa Naivasha, shikilia. Nakuru ukaniambia nifunge kioo, vumbi. Nikasema nimefunga, na kioo hatujawahi kuwa nacho. Mama Kamau alisimama nje ameshika mlango, akageukia mibuni. Nilikuwa nangoja ufike. Nilikuwa nimekwisha kuandaa nitakavyosema, kwamba kukhu yuko mlangoni, kwamba kuku wamekimbia. Ulipofika Eldoret mkono ukashuka.

“Tupumzike hapa,” ukasema. “Tutamalizia kesho.”

Kesho yake hukuuliza kama imekauka.

Walikubeba kwa trela ya shamba, ile ya kubebea kahawa, tukakupeleka makaburini Thika. Trela ilipita kando ya gari yako. Mzee wa kanisa alisema maneno mazuri, sikuyashika. Nilikuwa natazama udongo ule mwekundu, nikisema huu si wa kwetu, huu haumjui. Upande wako mmoja amelala mtu wa Machakos, upande mwingine hakuna msalaba wala jina. Baba yako yuko kule chini ya mlima Masaba, na nafasi ubavuni mwake iko wazi, imeota nyasi.

Kukhu wako hajaambiwa. Yule kijana wa mkonge anasema bibi akisikia gari barabarani anaomba asogezwe mlangoni. Watu wa nyumbani wanataka niende nikamwambie. Niende vipi? Nitashuka na mikono mitupu, ataupapasa uso wangu, ataniuliza mwenye gari yuko wapi. Na nikienda, huku utabaki na nani? Mama Kamau ananiambia niiuze gari, vyuma vina watu wa kuvinunua. Pia ananiambia nile. Ninakula. Ninachuma kahawa mstari wangu kama wengine, jioni naketi mlangoni. Wanasema Mungu ana sababu. Anayo labda. Mimi nimeomba jua mwezi mzima, akalitoa lote mara moja, kwa ajili ya ngozi.

Nilikuwa bado nikiwafukuza mbwa. Mkono umezoea, fimbo iko pale pale. Hata kingpini nilizitia mafuta juma lililopita, nikauzungusha usukani kwa kidole, ukanifuata.

Jana, nikitoka shambani, nilimkuta yule mwekundu wa mnyapara amekuja. Alinitazama kwanza, anajua fimbo yangu. Nikaketi mlangoni. Akaingia chini ya gari, na ngozi ile ilivyokauka ilimpa kazi. Nilimsikia anatafuna mpaka giza likaingia, na fimbo sikuishika.

Lala, mwanangu. Hakuna tena cha kungoja.

Ni mimi Mayi wako, niliyekushikia spana.