Lutuku ya Veroni

Kazi moja, 4/10

Leo nimekunywa wiski na muzungu, kwenye veranda yake, kule ville, mutaa wa bazungu. Vere tatu, glasi za kujaa. Ya ine nilikataa, juu ya heshima.

Uongo mutupu. Alikunywa yeye. Mi nilikuwa nimelala chini, nyuma ya frigo yake ya petroli, ninasafisha bomba, masizi mpaka kwenye meno. Nilinusa kizibo tu. Kizibo kilikuwa kizuri.

Huyu muzungu anaangalia mapompi ya maji. Tunamuita Ndevu. Akasema, "Mzee, nikupe nini?" Nikamujibu nitasema siku ingine. Mutu wa reli, wa chemin de fer, hata wa pensheni, haombi mbio-mbio.

Kisha mudomo ukaamka. Nikamualika. "Siku ya Yenga kuya kwangu, utakunywa lutuku, pombe kali anayopika mulamu wangu. Hii yako ni maji ya kuoshea miguu." Alicheka mpaka akakohoa.

Yenga, siku ya kanisa, njo mwaka mumoja tangu bibi yangu Veroni alikufa. Kwenye kitambulisho bamemuandika Ngoie, juu majina ya ubatizo yamekatazwa. Mi ninamuita Veroni. Bakuye kunifunga.

Kazi mbili, 5/10

Gari ya zone, ya serikali, imepita mu cité, huku kwetu bantu beusi, na kelele yake. "Citoyens, citoyennes! Hakuna pombe mu cité mpaka mwezi uishe! Bageni bakubwa banakuya!"

Mu cité. Juu ya ville, kimya. Cercle, kilabu ya bazungu, iko wazi. Nilipita pale saa ine ya asubuhi: bazungu batatu, bia mezani, banacheza karata.

Nilisoma karatasi yenyewe kwenye ukuta wa posta. Pole-pole, darasa la ine haliendi mbio. Zamani za Babelge karatasi ilisema: indigène, mutu mweusi, asikunywe. Leo inasema: citoyen, raia, asikunywe. Muzungu haiko indigène, haiko citoyen. Anapita katikati na vere yake.

Kazi tatu, 6/10

Kabange ameanza kupika hata hivyo. Mudogo wa Veroni, mulamu wangu. Lutuku ya kumaliza kilio inapikwa na mwanamuke wa nyumba ya marehemu. Si mutu mwingine, si ya duka. Anaimimina kwenye kaburi, upande wa kichwa, kisha ananikata hiki kitambaa cheusi kwenye mukono.

Bila ile, mi mufiwa bado. Mufiwa hakai mezani na bengine. Mwaka muzima ninakula nikitazama ukuta. Ukuta haunipitishii chumvi.

Nimechoka na ukuta.

Kazi ine, 7/10

Bajandarme babili. Balijua njia. Balipita nyumba tatu zenye kunuka lutuku kuliko yetu, hawakugeuza hata shingo.

Balivunja chungu. Lutuku yote kwenye matembele ya Kabange.

Nikabaambia, "Bandugu, mumemimina mubaya. Mwenyewe analala kule makaburini." Mumoja akacheka. Mwingine akanipiga kofi. Sikio linaimba mpaka sasa.

Bamemupeleka Kabange kumufunga cachot. Pale mulangoni akageuka: "Nani aliyesema?" Nikatazama miguu yangu.

Kazi tano, 8/10

Kabange ametoka. Bamemufagiza kambi yao nzima. Sajini akamuambia yote, na meno inje. Ndevu aliwachekesha bantu pale Cercle: kuna mzee anasema wiski yangu ya kuoshea miguu, ananialika lutuku! Commissaire, mukubwa wa zone, alikuwa meza ile ile. Naye alicheka. Akamaliza vere yake. Kisha akatuma bajandarme.

Kabange: "Mulamu, haukupata kofi ya kutosha."

Akaingia kwake, akafunga mulango.

Ndevu hakuwa na ubaya. Njo inaniuma zaidi. Ningependa kumukasirikia mutu, na mutu huyo iko mimi.

Siku ya posho, 9/10

Salongo asubuhi, kazi ya lazima ya serikali: kukata majani ya barabara juu ya bageni. Mugongo.

Ndevu amekuya na chupa ya wiski, uso mwekundu. Mujandarme wa pale barabarani aliona chupa mukononi mwake, akamupigia saluti. "Pole, mzee. Sikufikiri." Kabange akaigeuza chupa, akaitazama chini na juu. "Veroni hatamujua huyu." Akamurudishia.

Mi nilihuzunika kidogo juu ya chupa. Mungu anisamehe.

Yenga, 10/10

Hakuna mutu aliyekuya kumaliza kilio. Nilitoa inje biti tatu za kukalia bageni, kisha nikabirudisha ndani.

Nilienda makaburini peke yangu. Niling'oa majani. Treni ya Luena ilipita, ikapiga honi, Veroni alikuwa anaipenda ile. Sikuwa na kitu cha kumimina. Nilikaa tu.

Kitambaa kiko bado. Nimekula na ukuta. Mihogo, bila chumvi, juu ya uvivu.

Nilikuwa ninafikiri. Karatasi ya posta inasema mu cité. Nyumba ya Ndevu iko ville.

Nikaenda kumuambia Kabange kupitia dirisha lake. Akajibu kutoka ndani: "Umuulize kwanza."

Nimeandika hapa nitakayomuambia kesho, juu nikifika pale mudomo utaanza kucheza:

Ndevu, ulisema unipe nini, nikasema siku ingine. Siku njo hii. Sitaki wiski. Unipe nyuma ya jiko lako, asubuhi moja tu, Kabange apike lutuku ya Veroni. Kuni tutakuya nazo.