Kwa Wifi Mwanakheri, Juu ya Jabia Nililokunyima

Mwanakheri,

Huna adabu. Nakwambia leo kama nilivyokuwa nikikwambia ulipokuwa hai, na usinikunjie uso huko ulipo. Mtu mzima haondoki duniani katikati ya ugomvi na wifi yake. Watu wagombana, wanuniana, kisha mmoja amtuma mtoto na kisahani cha halua, yaisha. Hivyo ndivyo tulivyoishi mimi nawe tangu niolewe na kaka yako nikiwa mwari. Safari hii zamu ya kutuma halua ilikuwa yangu, nami nikaivuta makusudi, nikisema bado, ngoja akome kwanza. Nawe ukaenda ukafa. Alfajiri ya Ijumaa, bila hata kuugua watu wakajua.

Haya, assalamu alaikum. Ukali umetangulia, salamu imekuja nyuma. Wanijua.

Naandika kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, zile tulizofunzwa kwa kiboko mimi nawe kwenye mkeka mmoja. Za skuli sizijui na sasa sina haja nazo. Mjukuu wako Zulfa amenichungulia begani akauliza, "Bibi, waandika nini, dua?" Nikamwambia aende akatazame chungu chake. Hizi hawezi kuzisoma, na ni bora.

Nataka kusema habari ya jabia, lile birika la mvua la babu yangu. Usijifanye hujui nitakwambia nini.

Ugomvi ulianzia harusi ya huyo huyo Zulfa, nami mpaka leo kwenye hilo nina haki. Hapa Siyu harusi yaalikwa kwa miguu. Mwanamke avaa buibui, apita nyumba hadi nyumba, asimama mlangoni, amtaja mwenye nyumba kwa jina lake na jina la baba yake, ndipo mtu ajua ameitwa. Wewe ukawaalika watu kwa simu. Sauti yako ikatoka kwenye simu ya jirani yangu, si hata yangu: "Na Bi Mwanaisha naye aambiwe." Aambiwe! Mimi, mke wa kaka yako, niambiwe kama mpagazi wa gatini! Ulisema ni magoti. Magoti yako yalikuwa mabaya, kweli, niliyaona, lakini kutoka kwako hadi kwangu ni kichochoro kimoja tu, Mwanakheri.

Sikuja. Nilikaa ndani nikisikia vigelegele nikijifanya nafuma kofia.

Siku ya pili yake, usiku umeshaingia, ukaja mwenyewe. Nilikusikia ukishika ukuta. Ukabisha hodi, ukasema, "Mwanaisha, fungua. Nimekuletea pilau, na nina neno la maana nataka tuzungumze kabla ya baraza la kaunti." Mimi nimekaa nyuma ya mlango, mkono wangu karibu na komeo. Ukabisha tena. Ukasema, "Wifi, magoti yaniuma, fungua nikae." Sikufungua. Ukaweka sinia juu ya kibaraza cha mawe ukarudi zako polepole, nami nikikuhesabia kila hatua kwa masikio. Kisha nikatoka nikalichukua lile pilau nikalila lote. Lilikuwa tamu. Sikukwambia.

Hilo neno la maana lilikuwa jabia. Ulitaka kuniomba nyumbani, kwa heshima, kama inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyekufungia mlango, kisha nikaenda barazani kukasirika kwamba hukuniomba nyumbani. Nikiliwaza hili kichwa chaniuma mpaka kwenye meno.

Unakumbuka siku ile ya maoni ya wananchi. Watu wa kaunti wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanaume wetu kwenye mikeka uwanjani, sisi wanawake kwenye roshani ya madrasa. Yule kijana wa kaunti mwenye miwani akasema kuna kazi moja tu itakayofanywa mji huu mwaka huu, basi tuchague: taa za gatini, au kukarabati jabia moja la maji ya mvua. Akauliza, jabia gani lafaa? Wanaume watazamana. Ukajikongoja ukasimama. Ukasema jabia lililo nyuma ya nyumba ya Bi Mwanaisha ndilo kubwa, kuta zake nzima, ni sakafu tu ya chokaa iliyopasuka, mvua yaingia juu yatoroka chini, na sasa ndani yake walala mbuzi. Ukasema kiangazi visima vyote vyageuka chumvi na wanawake wangoja maji ya punda. Ukasema, "Nami ninaosha maiti. Maji ya kisima hayashiki sabuni. Nataka watu wa mji huu waondoke wakiwa wameoshwa vizuri."

Yule kijana akauliza, mwenyewe atakubali liwe la watu wote?

Ukacheka. Ukasema, "Mwanaisha ni wifi yangu. Hatakataa."

Ni hilo *hatakataa* lililoniwasha moto. Nikasimama. Sikungoja kipaza sauti, wajua mimi sihitaji. Nikasema, "Ni nani aliyekutuma unisemee?" Nikasema babu yangu alilijenga jabia lile kwa chokaa ya matumbawe aliyoichoma mwenyewe, na leo kaunti yaja na karatasi, kesho ardhi si yetu. Watu wakaitikia, maana neno la ardhi kwetu latia hofu kila mtu. Ukilisema tu, umeshashinda nusu. Nami nilijua hilo. Sikuwa na hofu ya ardhi, Mwanakheri. Karatasi yenyewe ilikuwa imesomwa mara mbili, ilisema maji ni ya watu na ardhi yabaki ya wenyewe. Nilikuwa na hasira ya harusi.

Kisha nikasema lile jingine. "Wewe kazi yako maiti, ya walio hai tuachie sisi."

Wanaume wakacheka. Na wanawake, wenye midomo yao, wakacheka chini ya mitandio. Nawe uliyewaosha mama zao.

Ulinitazama. Ukasema, "Basi. Basi, Mwanaisha." Ukakaa. Yule kijana akasema hapa hakuna makubaliano, tuendelee na taa.

Sasa nikupe habari za taa. Zimewekwa. Zasimama gatini zimenyooka kama askari, zawaangazia kaa na paka. Maji yakipwa hakuna chombo kinachoingia, kwa hivyo usiku kucha zalimulika tope. Mbili zimeshazimika. Mheshimiwa diwani alikuja kupigwa picha chini ya moja, akateleza, akashikwa na watu wawili. Ungelicheka mpaka ukae chini. Mimi nilicheka, nikageuka nikuambie.

Vuli haikunyesha. Mbuzi wakaendelea kulala ndani ya jabia. Visima vikageuka kama ulivyosema. Kisha ikaja ile Ijumaa.

Walinigongea kuniita. Wao niliwafungulia.

Nataka ujue nilivyokuosha, maana hukuwa na mwingine wa kukueleza. Nilimwambia kila mtu atoke, tukabaki mimi na Zulfa na jirani mmoja wa kutia maji. Nilikufunika kama ulivyotufunza, sikuacha hata kidole wazi. Majani ya mkunazi tulikuwa nayo, kafuri tulikuwa nayo. Maji yalikuwa ya kisima. Nikatia sabuni, ikakatika, ikawa vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Nikasugua. Nikasema leteni mengine. Yakaja mengine, yale yale. Nywele zako zikashikana, Mwanakheri, zile nywele ulizozitia mafuta ya nazi kila Alhamisi ukajiringa nazo, zikawa kama kamba ya usumba, nami nazichambua kwa vidole huku nalia na nakutukana. Nilikutukana, ndiyo. Nilisema, "We mwanamke, kwa nini hukugonga mara ya tatu?" Zulfa akaniambia, "Bibi, si sasa." Akatoka mbio, akarudi na chupa za maji ya dukani, zile ndogo za kunywa, akanipa. Hizo ndizo nilizokutilia maji ya mwisho ya kafuri. Chupa za kunywea watu wa safari.

Watu wakaniambia, hata maji ya bahari yatahirisha. Najua. Nilisoma hayo kabla ya wao kuzaliwa. Umetoka duniani safi kwa sheria, sina wasiwasi na hilo. Lakini uliomba jambo dogo, kwa mdomo wako, mbele ya mji mzima, na hukuombea nafsi yako, na mimi nikakunyima kwa sababu ya simu.

Unajua kinachonikera? Hakuna anayenilaumu. Wangelinilaumu ningeligombana nao, hiyo naiweza. Waja waniletea mkate wa mofa, waniuliza miguu yangu yaendeleaje. Wakianza kuzungumza habari za maji, nikiingia wageuza maneno wasema habari za samaki. Wanihurumia, Mwanakheri. Mimi!

Sinia lako nimelirudisha. Nilimpelekea Zulfa, nikatia mkate wa sinia, siwezi kulirudisha tupu. Ana mimba, usimwambie mtu. Kazi yako ameishika yeye. Wanawake wawili ameshawaosha, mkono wake mwepesi kama wako, ila aongea sana. Alipopokea sinia nikamwambia yote ya mlango, kwamba nilikuwa ndani nikakusikia. Nilidhani atanifukuza. Akanitazama kwa yale mato yako, akasema, "Bibi alijua uko ndani. Alisema taa ilikuwa yawaka." Kisha akasema uliporudi nyumbani ulicheka, ukasema, mwacheni anune, pilau atalila.

Ulijua. Ulijua yote, nawe ukasimama barazani ukasema hatakataa.

Jumatatu watu wa kaunti warudi tena kuuliza maoni. Kazi moja tu, kama mwaka jana. Watu wa mtaa wa pili wataka ua wa skuli, vijana wataka uwanja wa mpira. Nami nimefanya kitu ambacho wanawake wa mji huu wakinisema mpaka mwisho wa umri wangu sitawanyamazisha. Nimevaa buibui nikatoka. Nimepita nyumba hadi nyumba, mtaa wetu na ule wa chini, na magoti yangu sasa ni kama yako, ndio nimejua ulikuwa wasema kweli. Kila mlango nimesimama nikamtaja mwanamke kwa jina lake na jina la baba yake, nikasema, "Mwanaisha akualika barazani Jumatatu." Mmoja akauliza kwa kejeli, "Kuna harusi, Bi Mwanaisha?" Nikamjibu, "Kuna maji, mpumbavu wewe, vaa uje." Wengine wakacheka mlangoni, mmoja akalia. Wote wamesema watakuja. Nyumba yako nilifika mwisho. Nilisimama pale nikataja jina lako na la baba yako kabla sijakumbuka. Zulfa alitoka akanishika mkono, akanikalisha kibarazani.

Naogopa, Mwanakheri. Sijapata kusimama mbele ya watu nikasema nimekosa. Kwa kaka yako sikuwahi, na kwako sikuwahi, mlijizoelea tu. Itanibidi niwaambie wanaume wale wale waliocheka kwamba neno la ardhi lilikuwa uongo, kwamba nilikuwa na hasira zangu za kike na nikawanyima watu maji. Na nikisema hivyo huenda wasinipe; watasema mwaka jana nilikataa mwenyewe, mwaka huu ni zamu ya wengine. Watakuwa na haki. Wakitunyima, nimeshawauliza mafundi, chokaa tutachoma wenyewe na mbuzi nitawatoa kwa fimbo. Hiyo ni ahadi, nami wajua ahadi zangu sizitoi ovyo. Ndio maana umekufa sijakupa hata moja.

Nisamehe. Nimeliandika, haya. Mungu akuweke pahali pema, akupe maji baridi ya huko. Nitakuja kaburini Alhamisi, usinitegemee kukaa sana, jua kali.

Wifi yako, Mwanaisha.

Na Zulfa nimempa amri, niiandike hapa uishuhudie, maana mimi najijua. Nimemwambia: Jumatatu utakaa ubavuni mwangu. Nikisimama nikasema nimekosa, niache. Lakini nikianza kumtaja babu yangu na chokaa yake, usingoje, nivute buibui unikalishe chini mbele ya mji mzima, kisha simama wewe uliombe jabia.