Nimempata Nzohe wa Burigi

Baba Adela,

Nimemwona! Nimemwona kwa macho yangu haya, amesimama majini mpaka tumboni, na nimempiga picha. Nzohe, mume wangu. Yule swala wa kwenye mafunjo uliyekuwa ukimfuata Ziwa Burigi kila kiangazi na kurudi na matope mpaka masikioni. Unisamehe mwandiko unavyoruka.

Ngoja nianze mwanzo, maana wewe hukupenda habari inayoanzia katikati.

Ni miezi minane sasa tangu homa ile ikuchukue. Studio sikuifunga. Chumba cha giza nilikuwa nakijua kuliko jikoni kwangu; kila picha uliyopiga hapa Bukoba, mimi ndiye niliyeisafisha. Harusi, komunyo ya kwanza, watu na baiskeli zao mpya, wote walipita kwenye beseni langu. Lakini kamera sikuwa nikiishika. Kamera ilikuwa yako.

Matanga yalipokwisha, mdogo wako Fideli alikuja dukani, akasema mbele ya wateja kwamba studio ni mali ya ukoo, kamera ni mali ya ukoo, na mwanamke aliyezoea kukaa gizani hawezi kazi ya kusimama mbele za watu. Wazee wakapanga kikao, Jumapili moja baada ya kuvuna kahawa. Nilikuwa bado nalala upande wangu wa kitanda tu, sijathubutu kusogea katikati. Ningekuwa na nguvu gani za kubishana na Fideli?

Halafu wakaja wageni wako. Labda uliniambia habari zao nami sikusikiliza. Mzee mmoja mrefu kutoka Sweden, Bwana Nils, na dada yake, Bi Karin, aliyewahi kuwa muuguzi wa misheni huku kwetu zamani. Walisimama mlangoni na masanduku ya kamera, mkononi wameshika barua yako. Mwandiko wako kabisa, zile herufi zinazolala kama migomba baada ya upepo. Uliwaahidi siku tatu Burigi, kupiga picha za wanyama.

"Bwana Picha yuko wapi?" akauliza Bwana Nils.

Nikawaambia. Bi Karin alikaa kwenye benchi la wateja, akavua kofia, akaiweka magotini. Kisha Bwana Nils akauliza polepole kama kuna mwanamume mwingine anayeijua njia na kazi ile. Fideli alikuwapo, akajibu kwamba hakuna, warudi tu kwao salama. Na mimi nikajisikia nasema, "Nitawapeleka mimi."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Burigi yenyewe nilikuwa sijaiona hata kwa mbali.

Na hapa kuna jambo lazima nikwambie, nalo ni gumu kuliko mengine. Sikuwa nakuamini. Miaka yote ile uliporudi na filamu iliyojaa majani matupu, nilizisafisha picha zile za mafunjo nikiuma meno. Nilikuwa nikikuuliza, "Unakwenda siku nne kupiga picha nyasi?" Nawe unacheka, unasema, "Alikuwapo, Leokadia, sema aliondoka." Nikaamini una mwanamke Muleba. Nilikwishampa hata sura, mnene, na mwanya. Nilipowaambia wageni nitawapeleka, nusu ya moyo wangu ilikuwa inakwenda kumtafuta yeye.

Basi tukaenda. Adela nikamwacha Kahororo kwa mama. Bwana Nils aliendesha Landrova mwenyewe, akikwepa mashimo na kuyapata yote. Kanazi tukanunua ndizi mbivu, na Bi Karin akataka kuwasalimu akina mama wauzaji kwa Kihaya. Kihaya chake ni kile cha wodini tu! Alimshika mama mmoja mkono, akamwuliza kwa upole anaumwa wapi. Mama yule naye akaanza kueleza mgongo. Tulichelewa pale karibu saa nzima, na Bi Karin akatoa dawa ya kuchua. Nilicheka, Baba Adela. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu ututoke, na niliposikia sauti yangu nikashtuka.

Baada ya Muleba tuliacha barabara kubwa, tukakata kuelekea ziwani. Huko sasa kuna kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Mgambo wa kijiji wakatusimamisha. Mwenyekiti ni kijana, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Aliona zile lenzi ndefu za Bwana Nils na uso ukabadilika.

"Ndugu, hizi ni za kupelelezea nini?"

Nikampa kibali cha idara ya wanyamapori. Akakisoma chote, neno kwa neno, kisha akainua macho. "Kiongozi wa msafara ni huyu mwanamume aliyeandikwa hapa. Yuko wapi?"

"Amefariki, Ndugu Mwenyekiti. Mimi ni mke wake. Nimekuja mahali pake."

"Lakini wewe ni mwanamke."

"Ndiyo, ndugu. Hata mimi nimeligundua hilo."

Watu waliokuwa nyuma yake wakacheka, yeye hakucheka. Nilidhani safari imeishia pale. Bwana Nils alikwisha kuanza kufunga masanduku yake. Ndipo nikaona shamba la mahindi la kijiji, kubwa, zuri, na nikakumbuka ulivyokuwa ukimwangalia mteja usoni kabla hajasema anachotaka. Nikamwuliza Mwenyekiti kama wilayani wameshaliona shamba lile. Akasema hawajafika bado. Nikasema picha inaweza kufika kabla yao. Basi akawaita watu wote na majembe yao, wakajipanga mbele ya mahindi, yeye katikati. Nikaifungua kamera yako. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpiga mtu picha, nikashusha pumzi mara tatu kabla ya kubonyeza. Nilimpiga mara tano, maana kila nikibonyeza yeye anafumba macho. Lakini alitupitisha, na kijana wa mgambo akatusindikiza mpaka kwa Ta Bonifasi.

Ta Bonifasi, yule mzee mwenye mtumbwi. Ulikuwa ukimtaja, nami nikidhani ni jina la kufichia. Alitoka nyumbani kwake akinitazama kwa muda, akasema, "Wewe ni Mama Adela. Alikuwa akikutaja mpaka tunachoka, jamani, waitu." Sikumsalimu hata vizuri. Nilimvuta pembeni mkewe, Ma Yulita, nikamwuliza mume wangu alikuwa akilala wapi. Akanielewa mara moja, kama mwanamke anavyoelewa. Akanishika mkono akanionyesha. Nyuma ya zizi, kibanda kidogo, nyasi zimetandikwa chini, mbuzi watatu wamelala hapo hapo. "Tulimwambia alale ndani," akasema. "Anasema akilala ndani atapitiwa, na mnyama wake anatoka alfajiri."

Mbuzi, Baba Adela! Miaka ile yote nimekuwa nikiwaonea wivu mbuzi. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi nikacheka na kulia pamoja. Ma Yulita akaniletea kahawa ya kutafuna, akakaa nami. Naomba unisamehe. Nilikwambia maneno mabaya mwaka ule uliporudi na homa ya kwanza, na hukunijibu.

Siku iliyofuata, jamani! Nyamera wamejaa uwandani kama ng'ombe wa tajiri. Furukombe anashuka, anachukua samaki, anapanda, na Bi Karin anapiga kelele kama msichana wa shule. Pundamilia, mamba aliyeachama tu, ndege wa rangi ambazo sina majina yake. Bwana Nils alikuwa akinifundisha mwanga, nami nikimfundisha kuvumilia nzi. Halafu akatokea kiboko. Alitoka majini karibu na mtumbwi, na mimi nikainamisha macho kwenye kioo cha kamera yako kama ulivyokuwa ukifanya, nikamfuata. Nilisahau kwamba kamera ile inageuza. Mnyama akienda kulia, kiooni anakwenda kushoto! Nilizunguka upande usio wake, Ta Bonifasi akapiga upondo kutuondoa, na picha niliyoipata, nimeisafisha, ni matako ya kiboko na kofia ya Bi Karin. Nimeibandika chumba cha giza. Ungeipenda kuliko zote.

Asubuhi ya tatu tulitoka kabla jua halijapanda juu ya vilima. Ukungu umelala kwenye ziwa. Bwana Nils alibaki nchi kavu na lenzi yake ndefu. Tulikwenda mimi, Bi Karin na Ta Bonifasi, mpaka mafunjo yakabana na mtumbwi ukakataa. Ta Bonifasi akanong'ona, "Mume wako alikuwa anashuka hapa."

"Na mamba?"

"Naye alikuwa akiuliza hivyo hivyo."

Nikaifunga kanga juu, nikaiweka kamera kifuani, nikashuka. Maji baridi yakanifika kiunoni. Chini ni matope na mizizi, unakanyaga na mguu unazidi kwenda. Lenzi yako haivuti mbali, hilo ulikuwa ukilalamikia siku zote, lazima usogee. Nikasogea. Hatua moja, nasimama. Hatua nyingine, nasimama. Mbu walikuwa wakinila nami sikuinua mkono. Sijui ni muda gani. Nilikuwa nimebakiwa na picha nne tu kwenye filamu.

Kisha mafunjo yakatikisika pasipo upepo, na akatoka.

Nilikuwa nimemdhania mdogo. Ni mkubwa, Baba Adela! Manyoya marefu ya kahawia yamelowa, pembe zimejisokota, na kwato ndefu ajabu, alipoinua mguu niliziona zimetanuka kama vidole. Anakula, anatafuna polepole, majani yananing'inia mdomoni. Kiooni akasogea kushoto. Nikajiambia, Leokadia, kulia, peleka kulia. Nikabonyeza. Mlio ule mdogo ulinifikia masikioni kama bunduki. Akainua kichwa, akanitazama. Mimi naye, hatua kama kumi hivi. Nikazungusha filamu kwa kidole gumba, nikabonyeza tena, na tena. Halafu, badala ya kukimbia, alianza kuzama. Taratibu, mgongo, shingo, pembe zikalala nyuma, mpaka ikabaki pua tu juu ya maji, inapumua! Nikacheka kwa sauti, sikuweza kujizuia. Maji yakapasuka na akaondoka kwa mruko mmoja. Picha ya nne ni maji matupu.

Bi Karin alinivuta kwenye mtumbwi akilia, mimi nikilia, Ta Bonifasi akituambia tunyamaze tutaamsha viboko.

Filamu niliisafisha mchana niliofika, bila hata kubadili nguo. Nilizungusha kopo la dawa nikihesabu kwa sauti. Ya kwanza imetikisika. Ya pili nimemkata pembe. Ya tatu, mume wangu, ya tatu ni yeye mzima, matone ya maji yanaanguka kidevuni, na jicho linakuangalia. Nikaikuza kadiri karatasi yetu kubwa ilivyoruhusu, nikaiweka dirishani. Watu walikuja mpaka wakaziba njia. Wengine walibisha kwamba si mnyama wa huku.

Kikao kile cha ukoo kilikaa Jumapili iliyofuata, nyumbani kwetu Kibeta. Fideli akasema picha ile amepiga mzungu, mimi nimesafisha tu. Baba yako mkubwa, Ta Kaizilege, alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Ujanani aliwawinda hao kwa nyavu, akasema, na hakuwahi kumkaribia namna hii. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi ulipompiga?"

"Majini, Taata. Hapa," nikamwonyesha kiunoni.

Akaiweka picha magotini. Kisha akasema, "Basi tupige na sisi."

Nikaleta kamera. Nikawapanga wazee kwenye mabenchi, na wake zao nyuma. Fideli alikuwa amesimama vibaya. Nikamwambia kama ninavyomwambia mteja yeyote, "Shemeji, sogea kidogo, umemfunika mzee." Na akasogea! Hata yeye mwenyewe alishangaa kwamba amesogea. Nikabonyeza. Ta Kaizilege akasema kamera na studio vibaki kwa anayejua kuvitumia. Habari ya shamba letu, ambalo nalo Fideli analidai, tutaizungumza siku nyingine, na najua haitakuwa rahisi. Lakini hii imekwisha. Fideli aliniuliza alipokuwa akiondoka picha yake itakuwa tayari lini.

Bwana Nils na Bi Karin wamekwenda zao. Wamesema watarudi kiangazi kijacho na wenzao wanne, na wamesema wazi, wanataka kuongozwa nami. Walimu wawili wa Kahororo nao wameuliza kama kuna nafasi. Nimewaambia wavae viatu wasivyovipenda.

Usiku nalala katikati ya kitanda sasa. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu.

Lala salama, Baba Adela, wewe uliyelala na mbuzi kwa ajili ya kitu chema, na mkeo asijue. Ninakuahidi kamera yako haitakaa kabatini, na Adela nitamfundisha, tuanze na kile kioo kinachogeuza, asije akakosa kiboko kama mama yake. Jumapili baada ya misa nitakuja kaburini na picha ya nzohe. Sitaiacha hapo, mvua ingeiharibu. Nitaishika mwenyewe mpaka uitazame vya kutosha, kisha nitarudi nayo dukani, maana Jumatatu asubuhi kuna mteja ameiagiza.

Wako,
Leokadia, mpiga picha, Bukoba