Nani Ameshusha Benchi?

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi. Siku chache tu kwa dada kumsaidia na kichanga chake, nakuta nyumba inang'aa kama ya watu wengine. Sakafu inanukia sabuni, mapazia yamefuliwa. Kazi ya wifi. Sikatai, ni mchapakazi.

Sikuvua hata viatu, nikaenda kukaa kwenye piano. Hapo hapo nikajua. Benchi liko chini! Viwiko vimezama, vidole vinapanda mlima kufikia vibonye. Si sana, upana wa vidole viwili hivi – lakini makalio yangu yanalijua benchi lile kuliko yanavyojua kitanda.

Nikamwuliza mume wangu nani amelikalia. Akasema hakuna, labda limejishusha. Limejishusha! Lina vishikio vya kuzungusha, kulia na kushoto, vigumu kama roho ya bahili. Halijishushi.

Usaili wa ukumbi wa maonyesho ni tarehe ishirini na moja. Wanataka mpiga piano wa kudumu. Nimefundisha watoto wa watu hapa nyumbani mpaka mvi zimeanza kuchungulia. Kazi hii naitaka. Naitaka mpaka naogopa kusema.

Jumanne, 4 Machi

Nimeleta kijiti. Mwalimu wangu wa piano, yule mama mfupi asiyecheka, alinikatia siku aliporidhika kwamba nimeacha kurefuka. Kinasimama sakafuni, kinafika juu ya benchi, basi hapo ndipo pako. Alikuwa akisema mwili mvivu, ukiuuliza utakudanganya, kiulize kijiti. Wanafunzi wake wote tulikuwa na vijiti vyetu. Na ukumbini nitakwenda nacho, maana benchi la kule silijui wala halinijui.

Nimekisimamisha. Sawasawa! Hakikuzidi hata unywele. Sasa kama benchi liko sawa, mbona viwiko viko chini?

Nimerudia. Sawasawa tena. Nimefanya mazoezi hivyo hivyo, mabega yanawaka moto.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekikuta kijiti jikoni! Kimewekwa dirishani, kinazuia dirisha lisijifunge. Wifi anakaanga vitunguu huku anaimba. Kumwuliza, eti alidhani ni kijiti tu. Kijiti tu!

Nimekitoa nje, nimekitazama kwenye mwanga. Ncha moja nyeupe kuliko nyingine. Nyeupe, safi, kama imekatwa jana. Nimeinusa. Sabuni. Jamani, nani anaosha kijiti? Mtu mwenye kitu cha kuficha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepandisha benchi kwa kukisia. Mikono ikafurahi, mguu ukanuna – pedali iko juu, naikanyaga kama napanda ngazi. Nimebadilisha viatu, wapi. Labda wifi alivianika juani vikajikunja. Kila kitu cha nyumba hii sasa kinapita mikononi mwake.

Nataka niwe mkweli, maana hapa hakuna anayenisoma. Alipokuja Januari na begi moja na jicho limevimba, mimi ndiye niliyefungua mlango. Mume wake fundi magari, tunamwita Spana, na mkono wake ni spana kweli. Nilimpa wifi chumba cha watoto wangu wa masomo, nikawafundisha sebuleni. Sikumnyima kitu. Nilisema piano tu isiguswe.

Lakini mtu akikaa anazoea. Watoto wa masomo wanamkimbilia yeye kwanza. Mume wangu anasifu chai yake. Nikipata kazi ya ukumbi, jioni sitakuwepo, na nyumba itakuwa ya nani? Au nisipoipata, nitabaki hapa hapa, tuwe sawa, wote tumeshindwa? Sijui analitaka lipi. Najua tu kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 10 Machi

Jana nilipaka unga kidogo kwenye vishikio vya benchi. Kidogo tu, mtu asiyejua haoni. Leo nimerudi sokoni – unga hakuna! Umepanguswa wote!

Nimekaa meza moja naye tukala. Ananiuliza mazoezi yanaendaje, nikamwambia vizuri sana. Akatabasamu. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Jumatano, 12 Machi

Nimesikia kwa masikio yangu. Nilikuwa bafuni, wao wako kwenye korido, wanadhani maji yanamwagika. Wifi alimwambia kaka yake asiniambie chochote kabla ya usaili, nikijua nitachanganyikiwa. Mume wangu akasema haya, kesho tutaona. Kila kitu kwake ni kesho. Ndiyo maana mashangazi zake wanamwita Bwana Kesho.

Nisiambiwe nini? Nikafungua maji kwa nguvu, nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Ndani ya nyumba yangu!

Ijumaa, 14 Machi

Nimetengeneza kijiti kipya. Nimepandisha benchi mpaka mikono iliposema hapa, nikapima kutoka sakafuni, nikakata mpini wa fagio la zamani. Cha zamani kimepungua vidole viwili kamili ukivilinganisha! Ushahidi gani tena?

Kipya nimekificha chini ya godoro, upande wangu. Usiku mume wangu aliuliza kwa nini kitanda kina mfupa. Nikamwambia alale.

Jumapili, 16 Machi

Nimelisema. Sikupanga lakini limetoka.

Nilikuwa napiga ule wimbo wa kasi wa usaili, mkono wa kushoto ukateleza mahali pale pale, mara ya kumi na ngapi sijui, na wifi akapita na ndoo. Nikasimama na vijiti viwili mkononi. Nikamwambia umekata kijiti changu. Alinitazama kama nimeongea Kichina.

"Wifi, mimi nikate kijiti chako ili iweje?"

Nikamwambia anajua mwenyewe. Nikamwambia benchi limechezewa, unga umepanguswa, kijiti kimeoshwa. Akasema anaosha kila kitu, nyumba si inataka kuoshwa? Kisha akasema:

"Mimi piano yako nimeishika siku moja tu, wifi. Siku ile ya maji –"

"Ahaa! Kumbe umeishika!"

Hakumaliza. Sikumwacha amalize. Nikasema maneno. Nikasema mtu unamtoa motoni, anakuja kukuchomea nyumba. Nikasema kama angekuwa na adabu hii kwake, labda asingepigwa.

Hilo la mwisho nalo nimelisema. Naliandika ili nisije nikajidanganya kwamba sikulisema.

Akaweka ndoo chini taratibu, wala haikumwagika. Akaingia chumbani.

Jumanne, 18 Machi

Ameondoka. Asubuhi kitanda kimetandikwa, shuka zimekunjwa, begi hakuna. Mume wangu amesema dada yake amepatana na Spana, amerudi kwake. Alilisema huku anatazama kikombe.

Asiye na hatia anakimbia? Ndivyo nilivyojiambia mchana kutwa.

Watoto wa masomo wameuliza shangazi yuko wapi. Nimewaambia amesafiri. Vumbi limeanza kukaa sakafuni kando ya piano, nalo sikuwahi kuliona tangu Januari.

Alhamisi, 20 Machi

Penseli iliniponyoka.

Ikabingirika chini ya piano. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono, nikagusa ubao. Nikaweka shavu sakafuni nione. Chini ya kila gurudumu la piano kuna kipande cha ubao! Vyeusi, vimekatwa vizuri, rangi ile ile ya piano, usipolala sakafuni huvioni. Unene wake – nimeweka vidole. Viwili.

Nimelala pale chini sijui muda gani.

Benchi halijashuka. Kijiti hakijakatwa. Piano ndiyo imepanda! Sisi wanafunzi wa yule mama tumefundishwa kupima kutoka sakafuni, basi nikapima sakafu, nikapima benchi, nikapima kijiti, nikampima na wifi. Piano yenyewe sikuipima. Nani anapima piano?

Mume wangu aliporudi nilimwonyesha kwa kidole. Akasema, aah, vile! Wakati niko kwa dada, bomba la jikoni lilipasuka, maji yakafika sebuleni. Akakata vipande kutoka kwenye mbao za kitanda cha zamani, wakainua piano wao wawili isilowe. Dada yake alishika upande mzito, ule wa sauti nene. Mgongo ukamuuma siku mbili. Halafu akafua mapazia na kusugua sakafu nisikute uchafu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema nitakuambia kesho."

Sikucheka. Nikamwuliza na lile la korido, lile nisiloambiwa. Akakaa. Akasema Spana alikuwa anampigia dada yake simu kila siku. Anabembeleza, anatishia, anabembeleza tena. Dada yake akasema nisiambiwe, asije akaniharibia usaili. Alikuwa hataki kurudi. Alikuwa hataki hata kidogo, mpaka Jumapili.

Nikamwambia twende sasa hivi tukamchukue. Akasema usiku umeingia, yule mtu akilewa hasikii, na mimi kesho nina usaili. Twende Jumamosi kwa utulivu. Nimepiga simu ya wifi. Inaita, inakatwa. Nimepiga tena. Imezimwa.

Nimeumbuka. Hapana, kuumbuka ni mbele za watu. Hili halina hata jina.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nimekalia tairi, kwenye gereji ya Spana. Nyumba yao iko hapo hapo nyuma, mlango wa bluu, dirisha moja lenye pazia.

Asubuhi nilivaa gauni la usaili, nikabeba kijiti cha zamani, nikamwambia mume wangu nakwenda ukumbini. Nilikuwa nakwenda kweli. Nimepanda gari, nimeshuka kituo cha ukumbi, nimeuona mlango uko wazi na watu wa usaili wanaingia na mafaili yao. Kisha nikavuka barabara, nikapanda gari la kuja huku. Zamu yangu ilikuwa saa nne.

Spana amenipokea kwa adabu, ndiyo iliyonitisha. Shikamoo shemeji yangu, sijui karibu, sijui chai. Shikamoo? Miaka yote hajawahi kunipa shikamoo. Mikono ameshaiosha wakati chini ya gari kuna kazi haijaisha. Nikasema namtaka wifi. Amelala. Saa hizi? Ana mafua kidogo. Basi nimwone tu, nimpe pole. Daktari amesema apumzike. Daktari gani? Akacheka, akasema mimi nina maswali mengi kama polisi.

Nikamwambia nitasubiri aamke. Akasema nitasubiri sana. Nikavuta tairi nikakaa.

Nimemtumia mume wangu ujumbe aje, sasa, si kesho. Amejibu anakuja. Anakuja! Sijui kama ataleta mtu.

Saa nne imepita. Mtu wa ukumbi amepiga, sikupokea. Amepiga tena, nikapokea, nikamwambia samahani, nina mgonjwa. Akasema anaweza kunishikia nafasi, apite mtu mmoja tu mbele yangu, si zaidi. Nikamwambia asinishikie.

Spana anajifanya anafunga nati. Nati ile ile tangu nifike. Ananitazama kupitia kioo cha gari, anadhani simwoni. Nami namtazama. Kutazama watu ndiyo kazi niliyoifanya mwezi mzima, nimeizoea.

Pazia limesogea!

Nimeita. Spana amesimama na spana mkononi. Nimeita tena, wifi, mimi hapa, nimekuja, nimekosa mimi, benchi halikuwa na kitu, nimekosa mimi. Nimepiga kelele mpaka muuza maji wa ng'ambo amegeuka.

Sauti yake imetoka nyuma ya pazia, ndogo, kama anaongea na kitambaa mdomoni. "Wifi, si leo ndiyo usaili wako? Nenda, utachelewa. Mimi sijambo."

Spana amesema haya, umesikia mwenyewe, hajambo, nenda.

Nimesikia. Nimekaa tena kwenye tairi. Mpaka nione uso wake, mimi siondoki hapa.