Mlingoti wa Mfupa

Jumatatu, 3 Machi 2003
Nimebeba sofa mbili, kabati moja; ndiyo kazi yangu huku ughaibuni, dukani kwa Ami Salim. Mgongo unauma. Mchana mzee wa Kizungu kaleta dukani meli ya mfupa, urefu kama mkono wangu. Ami Salim kanitafsiria: waliichonga maafisa wa Kifaransa zamani, walipotekwa vitani na Waingereza wakafungwa. Mifupa ni ya nyama waliyopewa kula. Mlingoti wa kati umevunjika, kipande kimepotea. Ami akataka kukataa. Nikasema ntaufanya. Sijui sauti ilitoka wapi.

Ami kacheka. "Haya, fundi. Jumamosi anaijia. Ukishindwa, ni kubeba sofa tu, na patasi zangu usiziguse tena."

Sishindwi. Kwetu Lamu nimechonga milango.

Jumanne, 4 Machi
Bucha ya halali. Mifupa yote wanakata kwa msumeno wa umeme. Nataka mguu mzima, muuzaji hanielewi. Nimeona haya. Nimetoka na mfuko wa vipande vya supu. Nimevichemsha, nimevianika. Vifupi mno.

Jumatano, 5 Machi
Akika, karamu ya kuzaliwa mtoto wa Ami. Mbuzi kakatwa kwenye viungo, hakuna mfupa uliovunjwa, ndivyo inavyotakiwa. Mifupa inangoja kuzikwa uani. Nimechukua mmoja wa mguu. Mrefu, umenyooka. Nimeuficha ndani ya koti.

Alhamisi, 6 Machi
Mfupa umebanwa kwenye jiliwa, msumeno mkononi. Sikukata. Mfupa wa akika hauvunjwi, hata mimi nisiyesoma najua. Nimeurudisha. Bi Mwanaisha, mke wa Ami, kanidaka mlangoni.

"Kumbe wewe! Na mimi nimeshamtukana paka wa watu."

Kanipa jembe. Nimezika mwenyewe, yote. Aibu tupu. Meli bado haina mlingoti.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimeitazama meli kwa lenzi, polepole. Mlingoti wa mbele si mfupa mmoja! Vipande vitatu, vimeungwa kwa mshazari, pini nyembamba kama sindano. Maafisa wazima, na mguu mzima hawakupata. Walipewa vya supu kama mimi.

Nimekata, nimeunga, nimelowesha kwenye chai ya rangi mpaka weupe ukafa. Nimeusimamisha baada ya swala. Umekaa.

Jumamosi, 8 Machi
Mzee kavaa miwani. Katafuta kiungo, hakukiona. Kauliza nani kafanya. Ami kafungua mdomo, nikamtangulia. Mimi, nikasema, kwa Kiingereza.

Nikamwonyesha pini zilipo. Mzee kavuta kiti. Tukakaa tunaitazama.