Kuti la Katikati

Jumamosi, 13 Februari

Theluji! Hapa Victoria, ambako kila mwaka mwezi huu maua yamekwisha kuchanua, watu wanayahesabu! Baba kapiga simu toka hospitali, hata salamu hakuna: Imogen, umemfunika mama yako? Ndivyo anavyouita ule mtende wa Kichina uani. Mama aliupanda kwa mkono wake, na majivu yake tuliyazika shinani. Nimeuviringishia blanketi na taa za Krismasi. Taa mpya, za zamani nilizitupa. Unameremeta kama bibi harusi.

Jumapili, 14 Februari

Baridi inakata masikio. Baba tena: hebu ziguse hizo taa, zina joto? Nikatoka mbio na kandambili. Baridi kama chuma! Hizi mpya zinawaka tu, hazipashi joto. Zile za zamani ziliunguza vidole, na kumbe kuupasha mti joto ndiyo ilikuwa kazi yake. Nikamwambia zina joto. Akauliza mara ya pili, kisha akasema haya mwanangu. Nimepanga chupa za maji moto shinani. Zinapoa upesi mno. Mama, nisamehe.

Jumatano, 24 Februari

Theluji imeyeyuka. Jirani yetu Lorne, anayemcheka Baba kila siku eti mtende gani huo usiolisha mtu tende, leo hakucheka. Akasema livute kuti changa la katikati. Baba hufanya hivyo kila baridi ikiisha: likigoma, mti mzima. Likichomoka, moyo umeoza.

Nikavuta kidogo tu. Likaja lote mkononi! Linanuka.

Lorne kasema nimwagie ile dawa ya vidonda inayotoa povu, nisubiri mpaka Juni, mingine huchipua tena. Mingine! Nimelia palepale kwenye tope.

Alhamisi, 25 Februari

Dawa sijamwaga. Kuti nimelichomeka lilipokuwa. Ukipita huoni kitu. Mjinga mimi.

Ijumaa, 26 Februari

Baba karudi. Kakonda, koti linamning'inia. Hata kukaa hataki — eti kwanza nikamsalimie mama yako. Nikasema kuna utelezi, Baba, supu inapoa. Akasema supu haina miguu, itamngoja.

Nimekimbilia hapa jikoni kuandika. Yuko mlangoni anavaa buti, kamba zinamshinda. Kabla ya hapo alifungua kabati la dawa. Chupa ya ile dawa ya povu kaitia mfukoni. Sikumwambia kitu mimi! Na Lorne aliniapia hatafungua mdomo.

Ananiita nikamshike mkono —