Bwana Mdogo Anamsikia Mama Mkwe Tu

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu kaondoka asubuhi, safari ya kazi, mwezi mzima. Kaniachia wageni wawili: mama yake na spika. Spika yenyewe kiduara kama kopo la poda, kimebandikwa ukutani sebuleni. Ndiyo itakayowasha taa, ukiiamuru kwa mdomo. Ndiyo itakayofungua milango. Swichi zote kang'oa! Eti zinachafua ukuta. Vitasa vipya navyo havina hata tundu la ufunguo. Chumba changu cha cherehani, kinachonilisha, nacho kakitia humohumo.

Sharti lake moja: tuisalimie kila siku mpaka izoee sauti zetu. Mimi? Nisalimie kopo? Nina gauni la harusi la kumaliza, bibi harusi analitaka Jumamosi asubuhi. Mama mkwe ndiye aliyesogea, kajiweka sawa, kaiuliza hujambo mwanangu. "Habari. Nimekusikia," ikajibu. Mama kanuna. Habari, kwa mtu mzima! Kaipa jina Bwana Mdogo na kaapa kuitia adabu.

Jumatano, 5 Machi

Kutwa sebuleni: "Sema shikamoo." — "Samahani, sijaelewa." — "Shi-ka-moo!" — "Samahani, sijaelewa." Mimi huku kwenye cherehani nacheka kimoyomoyo.

Kicheko kimenitokea puani. Nimetoka kununua uzi, narudi namkuta mama kafumua pindo la gauni. Upande wote wa kushoto! Anasema limekwenda upogo. Miaka yote hii nashona, leo nifundishwe pindo? Nikamwambia, mama, hiki ni chumba changu cha kazi. Kwa sauti ambayo sikuipanga. Akaweka mkasi mezani taratibu. Basi mwanangu, sisemi tena.

Na mama mkwe akisema hasemi, hasemi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Asubuhi nakuta chumba cha cherehani kimejifunga. "Fungua." Kimya. "Fungua mlango." Kimya. "FUNGUA!" — "Samahani, sauti hii siitambui."

Nyumbani kwangu!

Nimempigia mume wangu, kacheka mpaka kapaliwa. Si nilikuambia uisalimie? Imemzoea mama, ndiye mwenye nyumba sasa. Kwa hiyo nyumba inamsikia mtu mmoja tu, na huyo mtu mmoja hasemi nami. Fundi wa spika atapita Jumamosi.

Mkono mtupu haulambwi, nikampelekea chai. Shikamoo mama. Marahaba — salamu hainyimi. Mama, ule mlango... Kanywa chai yote kwanza. Kisha kaugeukia ukuta: "Bwana Mdogo, fungua. Kuna mtu hapa, kukusalimia kwake aibu, kukupigia kelele si aibu."

"Nimefungua," likasema kopo, kwa heshima zote.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu kuiga sauti yake. Nimebana pua, nimeyakokota maneno: "Bwana Mdogo, mwanangu, washa taa." Haikuwaka. Nageuka — mama huyo mlangoni! Kaingia chumbani kwake, nikasikia kitanda kinalia kwa kicheko.

Baadaye kaja na kiti chake, kakaa karibu na cherehani. Mimi nashona, yeye anaamuru. "Bwana Mdogo, ongeza taa, huyu kakunja shingo kama anachungulia kisima." "Bwana Mdogo, mwambie apumzike macho." Kopo halimwambii mtu kitu, lakini nimepumzika. Sitasema ilikuwa raha. Ilikuwa raha kidogo.

Kisha nikalitundika gauni, nikarudi nyuma kuliangalia. Upogo! Kushoto, palepale. Nilikuwa nimerudia kosa lilelile kwa ubishi. Nimelirekebisha mbiombio alipokwenda kuoga. Simwambii ng'o!

Jioni mume wangu kapiga. Nikamwambia fundi asikose, aje amfute mama, nipumue. Nilikuwa jikoni. Nilidhani mama kalala.

Jumamosi, 8 Machi

Mama yuko barazani, kakalia begi lake. Kaita teksi. Kamwambia Bwana Mdogo, kupitia dirishani, kwamba kama ni kufutwa, heri ajifute mwenyewe. Imenichoma. Nilimaanisha sauti tu, ile ya kwenye kopo! Lakini nilisema "mama". Nakumbuka vizuri neno lilivyonitoka.

Fundi kapiga simu, hafiki kabla ya jioni. Gauni limo ndani ya chumba cha cherehani, nacho kimejifunga tena usiku. Na bibi harusi ndiye yule getini, na dada zake, gari linapiga honi.

Nimekwenda barazani, nimepiga magoti. Mama nisamehe, mama usiondoke, mama nifungulie — vyote kwa mkupuo, sijui alisikia kipi kwanza. Kaniangalia weee. Halafu kaelekeza mdomo dirishani.

"Bwana Mdogo! Muulize huyo, lile pindo lilikuwa upogo, halikuwa upogo?"

"Samahani, sijaelewa."

"Yeye kaelewa," akasema mama.

Sentensi moja tu! Nimeshona magauni mangapi, sentensi moja inanishinda. Honi tena. Nikasema ngoja mama, nikatafute ufunguo wa akiba jikoni.

Ndipo nilipo, naandika juu ya jiko. Nyumba hii haina ufunguo hata mmoja, na mama anajua.

Honi sasa ni mbili. Nimechungulia. Teksi imefika, dereva kamfungulia mlango wa nyuma, anamsubiri. Mama hajainuka kwenye begi.